Kutoka kahawa ya Mbinga hadi kidonge cha kichocho: pete ndogo zinazotibu

Ukinywa kahawa ya Mbinga asubuhi, usingizi unakimbia. Kinachoufukuza ni kafeini, molekuli yenye pete mbili zilizoshikana, moja ya atomu sita na nyingine ya tano. Pete hizo si za kaboni tupu, kila moja ina naitrojeni mbili ndani yake. Molekuli za namna hii, zenye pete iliyochanganya kaboni na atomu nyingine kama naitrojeni, oksijeni au salfa, zinaitwa hetirosaikliki.

Kwa nini kafeini inafanya kazi? Ubongo una adenosini, kemikali inayotuambia tumechoka. Pete za kafeini zinafanana na sehemu ya adenosini, kwa hiyo inakaa kwenye kiti chake bila kutoa ujumbe wa uchovu. Hiyo ndiyo siri ya dawa nyingi: ingia mahali pa mwenzako, ukae vizuri.

Pete inasaidia kwa sababu haipindipindi ovyo, umbo lake linatulia. Na naitrojeni mara nyingi ina elektroni za ziada za kushikana na protini. Ndiyo maana uchambuzi uliochapishwa 2014 ulikuta kwamba asilimia 59 hivi ya dawa za molekuli ndogo zilizoidhinishwa Marekani zina pete yenye naitrojeni. Kwinini na klorokwini za malaria zimo kwenye ukoo huo.

Sasa tushuke milimani hadi Mbamba Bay na Liuli. Ziwa Nyasa ni zuri kuogelea, lakini kwenye maji ya kando kuna konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Dawa tunayoitegemea ni moja tu: prazikwanteli, iliyotengenezwa Ujerumani miaka ya 1970. Ina pete tatu zilizoungana, zenye naitrojeni mbili. Inafungua mlango wa kalsiamu kwenye mwili wa mnyoo, misuli yake inakakamaa na ngozi yake inaharibika.

Tatizo liko wapi? Prazikwanteli ina sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Moja ndiyo inayoua mnyoo. Nyingine karibu haina kazi, na ndiyo chungu zaidi. Kiwandani zinatoka nusu kwa nusu, kwa hiyo kidonge cha miligramu 600 kinabeba nusu mzigo wa bure. Mtu mzima atavumilia. Mtoto wa miaka mitatu anayeogeshwa ziwani na mama yake je? Atatema.

Mwaka 2011 kundi la Matthew Todd wa Chuo Kikuu cha Sydney, likisaidiwa na wakemia waliochangia mawazo yao hadharani mtandaoni, lilionyesha njia ya bei nafuu: kutumia asidi iliyotokana na asidi ya tartariki, ile ya kwenye zabibu, ili sura moja igande kuwa fuwele na nyingine ibaki kwenye kimiminika. Baadaye ikaja aprazikwanteli, yenye sura inayofanya kazi peke yake, kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa zilizohakikiwa.

Lakini bado ni pete ileile. Klorokwini nayo tuliitegemea hivyohivyo, hadi vimelea vya malaria vikajifunza kuisukuma nje, na Tanzania ikaiacha 2001. Mnyoo akijifunza, tutakuwa na pete gani nyingine mkononi? Hiyo ndiyo kazi inayotusubiri maabara.