Mzizi wa Chunjua

"Dokta, hebu angalia, mzizi wote umetoka?"

Safari hii aliyeuliza ni fundi magari, mtu mzima mwenye wajukuu, na alikuja na ushahidi kabisa: kipande cha pamba ndani ya mfuko wa nailoni, na katikati ya pamba kitu cheupe chenye vinyuzinyuzi. Kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa kitambaa kinachonuka. Wiki moja nyuma alikuwa ameikata chunjua kwa wembe, kisha akaidondoshea maji ya betri ili kuua kilichobaki. Kidonda hakikumshughulisha. Alichotaka ni mimi nithibitishe kwamba mzizi umekwisha.

Mzee wangu, haukutoka. Haukutoka kwa sababu haukuwapo.

Swali hili nimeulizwa na walimu, na wauguzi, na hata na mfamasia mmoja, nami nimechoka kulijibu kwa upole. Chunjua si muhogo. Ni ngozi ya juu iliyochochewa na kirusi ikaota kupita kiasi, na yote, tangu kichwa hadi kitako, imo katika tabaka hilo la juu. Kwenye wayo, ambako tabaka hilo ni nene kuliko karibu popote mwilini, unene wake ni kama milimita moja na nusu tu. Chunjua ikikua huibonyeza ngozi ya ndani iliyo chini yake, lakini haiitoboi. Ukiitoa nzima ukaigeuza, utakuta kitako laini. Hakuna kamba inayoshuka kwenye mshipa, wala inayojishika kwenye mfupa.

Na vile vidoa vyeusi ambavyo wengine huviita mbegu? Ni vijishipa vya damu vilivyorefuka pamoja na chunjua, damu ikaganda ndani yake. Ukivikwangua vinatoa damu, na hapo ndipo mtu huapa kwamba ameufikia mzizi. Vinyuzi vyeupe vya kwenye pamba ni ngozi iliyokufa kwa kuunguzwa. Ngozi nzima isiyo na chunjua nayo ukiimwagia asidi itababuka vivyo hivyo, ingawa sikutumi ukajaribu.

Wapo wanaonibana kwa hoja yenye akili: "Ya ndugu yangu ilikatwa, ikarudi pale pale. Imerudi kutoka wapi?" Imerudi kutoka kwenye ngozi ya jirani. Kirusi hukaa hata katika ngozi inayoizunguka chunjua, ile inayoonekana safi. Na kwamba chanzo ni kirusi si habari ya jana; mwaka 1907 daktari Mwitalia, Giuseppe Ciuffo, alionyesha kwamba maji yaliyochujwa kutoka kwenye chunjua, yasiyo na chembe hai hata moja, yanatosha kuambukiza chunjua mpya. Kama maji matupu yanaotesha, mzizi unahusika na nini?

Ubaya wa imani hii ni kwamba inausukuma mkono uende ndani zaidi. Anayetafuta mzizi akiona damu haachi, anajiona amekaribia. Wembe ule ule unaokata chunjua unakipakaza kirusi kwenye kila mchubuko, na baada ya miezi kadhaa chunjua ndogondogo zinajipanga mstari mmoja palipopita wembe. Wanaozifunga kwa uzi au unywele hadi zidondoke huishia na usaha. Maziwa ya mnyaa yanababua ngozi, na mkono uliopaka ukigusa jicho, nimeona mtu mzima akishikwa mkono kuingia kliniki. Maji ya betri, kwa wasiojua, karibu theluthi yake ni asidi ya salfa. Hiyo haichagui ngozi yenye chunjua na isiyo na chunjua. Hula inachokikuta, na kwenye kidole haina safari ndefu kufika kwenye kano na kiungo.

"Lakini mwanangu alipona kwa mnyaa!" Huenda angepona kwa kuimbiwa pia. Kwa watoto, karibu theluthi mbili ya chunjua huondoka zenyewe ndani ya miaka miwili, siku kinga ya mwili inapomtambua mgeni. Sifa anachukua yule aliyekuwa na dawa mkononi wiki hiyo. Watu wazima hukaa nazo zaidi.

Basi, cha kufanya. Kama haiumi na huionei haya, iache. Hiyo nayo ni tiba. Vinginevyo, nunua dawa ya kupaka yenye asidi ya salisiliki. Loweka kidole kwenye maji ya vuguvugu dakika tano hadi kumi, sugua juu kwa tupa ambayo hakuna mwingine ataitumia, paka mafuta ya mgando pembeni kulinda ngozi nzima, kisha dawa juu ya chunjua tu, kila usiku kwa wiki 12. Nimesema 12. Wengi huacha ya tatu na kusema dawa haifai. Usipake usoni wala sehemu za siri, na mwenye kisukari au ganzi miguuni asiiguse kabla ya kumwona mhudumu. Kugandisha kwa naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, hurudiwa kila wiki mbili au tatu. Kunauma, na ngozi nyeusi inaweza kubaki na baka jeupe. Kuchoma kwa umeme au kukata huwa ni mwisho kabisa, hasa kwenye wayo, kwa kuwa kovu la wayo unaweza kulikanyaga kwa maumivu maisha yako yote. Acha kung'ata kucha. Mtu mzima akijaa chunjua nyingi ghafla, apime VVU.

Sugu ni jambo lingine: mistari ya ngozi hupita juu yake bila kukatika, ilhali kwenye chunjua hukatika. Uvimbe laini wenye ute karibu na ukucha usiutoboe kwa sindano. Na doa jeusi linalopanuka kwenye wayo, mstari mweusi unaonenepa chini ya ukucha, au kidonda kisichofunga, visisubiri wiki 12 za mtu yeyote. Bob Marley alikuwa na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu, akafa mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Fundi wangu alifungwa vidonda wiki tano, na ukucha ukaota umepinda. Alipokuja mara ya mwisho, pembeni mwa kovu palikuwa na vijichunjua vitatu vipya. Alivitazama kwa muda, akaniuliza kama hao ndio watoto wa ule mzizi. Nikamwandikia dawa ya kupaka. Pamba yake aliikunja, akairudisha mfukoni, akaondoka nayo.