Silinda nane kwa mustari mumoja: muhesabu kwanza mbele ya kukata

Hapa Kamango, mutu akisema "moteri ya zamani", wengi wanafikiri ile ya Fuso yenye imechoka, ao Land Cruiser ya miaka ya 1990 yenye ingali inapanda milima. Lakini katika telefone za vijana wa garaji, toka huku mupaka Beni na Butembo, kunapita picha za namna ingine: gari za Amerika za mbele ya vita ya 40-45, kapo ndefu sawa mutumbwi, taa mbili kubwa kama macho ya bundi. Ukifungua ile kapo, unakuta silinda nane zimepangwa moja nyuma ya ingine, sawa watoto wa masomo asubui mbele ya kuingia darasani. Na ulizo ni lilelile kila mara: ile kitu ndefu vile ilikuwa ya kufanya nini? Na juu ya nini iliisha?

Tunataka kujibu, juu ulizo hili haliko la kujifurahisha tu. Kuko watu wengine wenye wanatafuta moteri za zamani kuliko hata vijana wetu: wenye kununua mitraye, vile vyuma vya kuzeeka vyenye vinapimwa kwa kilo na kuvuka mupaka kwenda Uganda. Kwao moteri ni uzito. Chevrolet, Buick, mashini ya kusaga muhogo, yote inaenda juu ya kilo moja.

Tuanze na kazi yenyewe. Katika moteri ya kawaida, kila pistoni inasukuma kwa nguvu mara moja tu katika mizunguko mbili ya vilibrekini, ule muti wa chuma wenye kupindwa-pindwa wenye kuko chini ya moteri. Ukiwa na silinda ine, unapata musukumo kila nusu ya muzunguko. Ukiwa na sita, kila teluzi. Ukiwa na nane, kila robo. Hesabu ni ndogo, lakini matokeo yake ni makubwa. Fikiri chukudu yenye imepakia magunia ya viazi na inapanda kilima. Mutu mumoja akisukuma, inaenda kwa kushituka: inasogea, inakwama kidogo, inasogea tena. Weka watu wengi wenye wanapokezana vizuri, kiasi kwamba mumoja hajaachia bado na mwenzake amekwisha kushika, na ile chukudu inapanda kama inavutwa na kamba. Silinda nane ndiyo hivyo. Hakuna wakati hata mumoja wenye vilibrekini inaachwa pekee yake.

Zaidi ya hiyo, pistoni hazikuwaka kwa kufuatana. Katika Buick na katika Packard, mupango ulikuwa 1-6-2-5-8-3-7-4, na mafundi wa wakati ule walikuwa wanaujua kwa kichwa sawa namba ya telefone. Mupango ule ulifanya pistoni zenye kupanda zilinganishwe na zenye kushuka, na moteri haikutetemeka karibu hata kidogo. Wenye gari walipenda kusimamisha pesa ya chuma juu ya moteri yenye kuwaka, waone kama itaanguka. Walipenda pia kuonyesha kwamba gari inaweza kutembea polepole kama mutu wa miguu, ikiwa katika vitesi ya juu kabisa, kisha kukamata mwendo bila kubadilisha kitu. Kwa shofere wa siku zile, mwenye kila kubadilisha vitesi kulikuwa vita kati ya mukono na chuma, hiyo ilikuwa pumziko la kweli.

Mutu wa kwanza kuuzisha moteri ya namna hii kwa wingi katika Amerika alikuwa Duesenberg, mwaka wa 1921. Packard ilifuata katika 1923 na moteri yenye vilibrekini iliyoshikwa pahali tisa. Mwaka wa 1928 Duesenberg ikatoa Model J, nguvu ya farasi 265 kwa kuhesabu kwao wenyewe, na bei ya shasi pekee, bila bodi, ilikuwa dola 8,500. Ile ilikuwa gari ya wafalme na ya wacheza-sinema, tusipoteze wakati juu yake. Yenye kutupendeza zaidi ni vile silinda nane zilishuka mupaka kwa watu wa kawaida. Buick iliweka silinda nane katika gari zake zote za modeli ya 1931. Pontiac ilitoa ya kwake katika 1933, ikianza na dola 585. Packard yenyewe, yenye majivuno yote, ilitoa ile ya 120 katika 1935 kwa dola 980. Ilikuwa miaka ya njaa kule kwao, fabriki nyingi zinafungwa, na watu wangali wanataka moteri yenye haitetemeki.

Gari hizo zilifika mupaka pande zetu za Afrika. Anvers, bandari ya Ubelgiji yenye meli za Kongo zilikuwa zinatoka, ilikuwa na fabriki za kuunganisha gari za Ford na za General Motors toka miaka ya 1920, na volani yao ilikuwa kushoto, vile barabara zetu zinataka. Kwa makoloni ya Uingereza ilikuwa tofauti. Kila mutu wa hapa anaijua: unaachana na Nobili ukitembea kuume, unafika Busunga, unahamia kushoto. Basi General Motors ilitengenezea makoloni yale gari zenye volani kuume, kule Oshawa, katika Kanada, na Buick ikakuwa gari yenye kupendwa sana na wazungu wa Kenya. Ilikuwa juu, magurudumu makubwa, resori ngumu, na moteri yenye kuvuta katika matope bila kulia.

Moja ya hizo Buick iliingia katika historia kwa mulango mubaya. Usiku wa tarehe 24 Januari 1941, karibu na Nairobi, kwenye njia-panda ya Karen na Ngong, walikuta Lord Erroll amekufa ndani ya Buick, risasi katika kichwa. Sir Jock Delves Broughton alipelekwa mbele ya korti, korti ikamuachilia, na mupaka leo vitabu vinaandikwa juu ya nani alipiga ile risasi. Katika vitabu vyote hivyo, moteri haina nafasi. Lakini Buick zote za modeli 1931 mupaka 1952 zilikuwa na silinda nane kwa mustari; kama ile ya Erroll haikuwa imepita miaka kumi, taa zenye wale watu wa gari ya maziwa waliziona katika giza zilipewa umeme na moteri ya namna yetu. (Tunajua, ni kitu kidogo mbele ya mutu aliyekufa. Lakini wenye ugonjwa wa moteri ndio tuko hivyo.)

Sasa, juu ya nini iliisha? Urefu. Vilibrekini ndefu inajikamua kama nguo yenye umefua: mbele inasukumwa, nyuma inachelewa kufuata, na ukiizungusha mbio sana inaweza kuvunjika. Iliwekwa kizito cha kuzuia mutetemo kwenye ncha yake, ikasaidia, lakini kila mutu alijua mupaka uko wapi. Tena, karibirateri iko katikati, na silinda ya 1 na ya 8 ziko mbali; esansi inafika kwao ikiwa imechoka. Na moteri ndefu inaomba kapo ndefu, wakati gari mupya zinataka kuwa fupi na chini. Ford ilikuwa imekwisha kuonyesha njia katika 1932 na V8 yake ya bei ndogo: silinda ine huku, ine kule, moteri inakuwa fupi. Katika 1949 Cadillac na Oldsmobile zikatoa V8 za nguvu, supapu juu, na ile ilikuwa mwisho. Buick ilianza kuachana na mustari katika 1953. Packard na Pontiac zilifunga mulango na modeli za 1954.

Lakini ndugu mudogo wa silinda nane hakukufa, na huyu tunamuona hapa kila siku. Mwaka wa 1929 Chevrolet ilitoa moteri ya silinda sita kwa mustari, ya bei ndogo, ngumu sana, kwa gari na kwa kamyo. Katika 1935, kule Japani, watu wa Toyoda walipotafuta moteri yao ya kwanza, tipo A, lita 3.4, waliiga ile ya Chevrolet. Mwaka wa 1951, gari yenye ilikuja kuitwa Land Cruiser ilitoka na moteri tipo B, ya jamaa ileile. Ile Land Cruiser ya mazutu ya siku hizi, ya lita 4.2, yenye tunaona inapita na wagonjwa ao na askari, ni kizazi kingine kabisa, ilianza katika 1990. Lakini fungua kapo: silinda sita, mustari mumoja. Fundi wa Kamango mwenye anaijua vizuri hatapotea mbele ya Packard ya 1935. Atazidisha mbili tu.

Na hapa ndipo tunataka kukaa kidogo. Watu wanafikiri kutengeneza gari za namna ile ni kazi ya watu wa pesa wenye kuagiza piesi kwa ndege. Ukweli ni kwamba piesi nyingi haziko tena popote. Chukua kusineti, vile vikombe vyenye vilibrekini inazungukia ndani. Katika Buick za wakati ule hazikuwa za kununua kwenye sanduku: fundi alikuwa anayeyusha chuma cheupe cha kulainika, bati nyingi pamoja na antimoni na shaba kidogo, anaimwanga yeye mwenyewe ndani ya bielu, kisha anaikwangua pole pole mupaka ishike vizuri. Wenye kufufua gari hizi leo wanafanya vilevile, kwa moto na kwa mukono. Bati inatoka katika kasiterite, na kasiterite ya Kivu na Maniema ilianza kwenda Ulaya tangu ile miaka ya 1930. Inawezekana udongo wetu ulikuwa unazunguka ndani ya moteri zile kuliko vile tunafikiri.

Sasa angalia garaji za hapa. Mutu anakunja resori iliyovunjika na kuirudishia nguvu kwa moto wa makala. Mwingine anakata kwa makasi, katika karatasi ngumu, kile kipande cha kuzuia mafuta yasitoke. Kijana anauliza: "Papa, piesi hii tutaitoa wapi?" na muzee anamujibu: "Lete ile ya kuvunjika, tutaona." Ile sentensi moja ndiyo masomo yote ya kufufua moteri ya zamani. Hata esansi ya makadhafi, ile ya chupa kando ya barabara yenye tunailaumu kila siku, haingesumbua sana moteri ya 1935: haikandamizi sana hewa ndani ya silinda, na ilizaliwa wakati esansi yenyewe ilikuwa mubaya kuliko ya leo.

Nairobi wameelewa kitu. Kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong kunafanyika shindano la gari na pikipiki zenye kutunzwa vizuri, lenye lilianza katika 1970 na lenye linatayarishwa na kikundi cha wenye Alfa Romeo. Waamuzi wanaangalia bodi, wanafungua kapo, wanainama kuangalia mupaka chini ya gari. Toka Kamango, kwenda Bundibugyo, Fort Portal, Kampala, mupaka Nairobi, ni safari yenye wafanyabiashara wetu wanaijua. Hatusemi fundi wa hapa apeleke Packard kule kesho. Tunasema ule uwanja unaonyesha kwamba kitu hicho kina bei ingine yenye haiko ya kilo.

Kwetu, kutunza kitu hakujawa rahisi. Julai 2013, wakati watu wa Kamango na wa Watalinga yote walikimbia kwa makumi ya maelfu kwenda Bundibugyo, mutu alibeba mutoto, godoro na sufuria. Nani angefikiri moteri yenye kulala nyuma ya nyumba? Na barabara ya Mbau mupaka Kamango tunaijua, hatuna haja ya kuieleza. Ndiyo maana chuma chenye kimebaki, kama kimebaki, kiko pahali pa kimya: katika mashamba ya zamani ya kahawa, nyuma ya misioni, chini ya muembe, kimefunikwa na majani, pengine kilikuwa kinazungusha mashini ya kusaga.

Kwa hiyo tunaomba kitu kimoja kwa mwenye diskezi na mwenye shalimo. Mbele ya kuwasha, toa majani, pangusa matope, na uhesabu matundu ya buji. Ine, ni Ford ya zamani ao kitu cha kazi. Sita kwa mustari, pengine Chevrolet, na hiyo pekee inastahili picha. Nane, ine kila upande, pengine ni Ford V8. Nane kwa mustari mumoja, weka diskezi chini. Kama kuna mufuniko mrefu wa chuma juu yake wenye unafunika supapu, tafuta neno Buick. Kama juu ni bapa, buji zimesimama kama vibanzi vya ua, inaweza kuwa Packard ao Pontiac. Tafuta namba yenye imechongwa kando ya moteri, uandike, upige picha kwa mwangaza wa muchana, kisha uonyeshe fundi muzee wa karibu. Mwenye kununua kwa kilo ataweza kungoja siku mbili.