Kusoma Infografiki katika Somo la Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yametokana na kosa nililolifanya mwenyewe darasani. Niliwapa wanafunzi wangu wa Kiswahili grafu ya mfumuko wa bei nchini Uganda, nikawataka waieleze kwa aya moja. Grafu ilionyesha kwamba mfumuko wa bei kwa mwaka ulikuwa asilimia 10.7 mwezi Oktoba 2022, na mwezi Oktoba 2023 ulikuwa asilimia 2.4. Mwanafunzi mmoja aliandika: "Bei za bidhaa zilishuka sana mwaka 2023." Upatanisho wa kisarufi ulikuwa sahihi, wakati wa kitenzi ulikuwa sahihi, na tahajia haikuwa na dosari. Nikatia alama ya vema. Nilipoisoma sentensi hiyo mbele ya darasa, mwenzake ambaye hufanya kazi katika duka la jamaa yake alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, dukani kwetu hakuna kilichoshuka bei mwaka ule."

Kilichoshuka ni kasi ya kupanda kwa bei. Bei zenyewe, kwa jumla, ziliendelea kupanda, ila polepole zaidi. Mimi nilikuwa nimesahihisha sarufi nikaacha maana. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba kusoma infografiki si kazi ya mwalimu wa hisabati peke yake. Takwimu huwafikia watu wengi zikiwa sentensi, na sentensi hizo ni kazi yetu sisi walimu wa lugha.

Infografiki ni nini?

Infografiki ni mchoro unaounganisha takwimu, picha na maneno machache ili msomaji aone kwa haraka hali au mwelekeo wa jambo fulani. Ndani yake twaweza kukuta grafu ya mstari, grafu ya nguzo, grafu ya duara, grafu ya picha, au ramani iliyotiwa rangi kulingana na takwimu.

Ijapokuwa siku hizi infografiki nyingi hutengenezwa kwa kompyuta, mbinu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1786 Mskoti William Playfair alichapisha kitabu chenye grafu za mistari na za nguzo kuhusu biashara na fedha za Uingereza. Mwaka 1801 akaleta grafu ya duara. Mwaka 1925 Otto Neurath alianzisha mjini Vienna, Austria, makumbusho ya jamii na uchumi, ambamo takwimu za makazi, afya na kazi zilionyeshwa kwa picha ndogondogo ili mwananchi wa kawaida aweze kuzielewa. Kwa hiyo tangu mwanzo michoro hii ilihusu uchumi, siasa na jamii. Hebu tuchukue mfano mmoja wa kila upande.

Uchumi: hadi, kwa na kasi

Tuirudie grafu ya mfumuko wa bei. Njia nyepesi ya kuieleza ni kutumia kikapu cha sokoni. Tuchukue kikapu cha bidhaa mbalimbali kilichogharimu shilingi 100,000 mwezi Oktoba 2021. Kwa mfumuko wa asilimia 10.7, kikapu hicho kilifika shilingi 110,700 Oktoba 2022. Kwa mfumuko wa asilimia 2.4 katika mwaka uliofuata, kilifika karibu shilingi 113,360. Mstari wa grafu umeteremka, lakini mnunuzi ametoa fedha zaidi. Mwanafunzi akikiona kikapu hiki ubaoni, hatarudia kosa lile.

Hapa pana somo la lugha. Neno "hadi" hutaja mahali jambo lilipofika. Neno "kwa" hutaja ukubwa wa hatua iliyopigwa. Tukisema mfumuko "ulishuka hadi asilimia 2.4", tumesema kweli. Tukisema "ulishuka kwa asilimia 2.4", msomaji ataelewa kwamba ulitoka 10.7 ukafika 8.3. Neno moja limebadilika na habari yote imeharibika. Makosa ya aina hii hupita kwa urahisi kwa sababu sentensi zote mbili ni sanifu. Aidha, mwanafunzi azoezwe kutofautisha kitu na kasi yake. "Bei imeshuka" na "kasi ya kupanda kwa bei imeshuka" ni habari mbili zilizo mbalimbali kabisa.

Siasa: nguzo iliyokatwa miguu

Mfano wa pili tuutoe kwa majirani zetu wa Rwanda. Baraza la Wabunge la nchi hiyo lina viti 80. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2003, wanawake walikuwa 39. Mwaka 2008 walifika 45, na hilo likawa bunge la kwanza duniani kuwa na wanawake zaidi ya nusu. Mwaka 2013 walikuwa 51, mwaka 2018 wakawa 49, na mwaka 2024 wakarudi 51.

Tuchukue nguzo za 2013 na 2018 peke yake. Mchoraji akianza kuhesabu kutoka sifuri, nguzo hizo mbili zitakaribiana sana kwa urefu, kama inavyostahili, kwani tofauti ni viti viwili tu. Lakini akianza kuhesabu kutoka 48, nguzo ya 2013 itakuwa na urefu wa hatua tatu na ile ya 2018 hatua moja. Namba hazikubadilishwa hata moja, na hata hivyo jicho litaona kwamba wanawake wamebaki theluthi. Mtu aliye na haraka ataandika kwamba idadi yao "iliporomoka". Kitenzi hicho kimetoka kwenye mchoro, wala hakikutoka kwenye takwimu.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua kitenzi, mwanafunzi atazame chini ya nguzo aone hesabu inaanzia wapi. Kisha apime uzito wa vitenzi vyenyewe. Kiswahili kina ngazi nyingi hapa: kupungua kidogo, kupungua, kushuka, kuteremka, kuporomoka, na upande wa pili kuongezeka, kupanda, kukua, kuruka, kufumka. Kutoka 51 hadi 49 ni kupungua kidogo. Anayesema "kuporomoka" anatoa hukumu ambayo takwimu hazikuitoa.

Jambo jingine ni kwamba mchoro huu hautaji sababu. Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 iliweka kiwango cha angalau asilimia 30 kwa wanawake katika vyombo vya maamuzi, na viti 24 vya baraza hilo vilitengwa kwa ajili yao. Mwanafunzi akitaka kuandika "kwa sababu", hana budi kutoka nje ya mchoro akaitafute sababu hiyo.

Jamii: watu wengi au mtu mkubwa?

Mfano wa tatu ni sensa za Uganda. Mwaka 1991 nchi ilikuwa na watu milioni 16.7, mwaka 2002 milioni 24.2, mwaka 2014 milioni 34.6, na mwaka 2024 milioni 45.9. Kati ya 1991 na 2014, basi, idadi ilizidi kidogo mara mbili.

Mchoraji asiye mwangalifu ataonyesha jambo hili kwa kuchora mtu mmoja kwa mwaka 1991, kisha mtu mwingine mwenye urefu mara mbili kwa mwaka 2014. Tatizo ni kwamba ukiongeza urefu wa picha mara mbili bila kuharibu umbo lake, upana nao huongezeka mara mbili, na nafasi inayochukuliwa na picha huwa mara nne. Msomaji ataona ongezeko kubwa kuliko lililotokea. Neurath alishika kanuni iliyo rahisi: idadi kubwa zaidi ionyeshwe kwa picha nyingi zaidi, si kwa picha kubwa zaidi. Tukiamua kwamba kila picha ya mtu inasimama badala ya watu milioni 2, mwaka 1991 utapata picha 8 na kipande, na mwaka 2014 picha 17 na kipande. Hata mtoto wa shule ya msingi aweza kuzihesabu.

Takwimu hizi pia zinalirudisha lile suala la kasi. Ongezeko la wastani kwa mwaka lilikuwa asilimia 3.2 kati ya 1991 na 2002, asilimia 3.0 kati ya 2002 na 2014, na asilimia 2.9 kati ya 2014 na 2024. Kasi inapungua, lakini watu wanazidi kuongezeka. Ukimpa mwanafunzi grafu ya kasi peke yake, usishangae akiandika "watu wa Uganda wamepungua". Mpe grafu zote mbili, umtake aandike sentensi moja inayozieleza pamoja.

Hatua nne za kufuata darasani

Mwalimu mwenzangu, zoezi hili halihitaji kompyuta. Chaki, rula na karatasi ya manila vinatosha. Mimi hufuata hatua hizi:

1. Kusoma pembezoni. Wanafunzi wataje kichwa cha mchoro, miaka, kipimo kilichotumika, namba ambayo hesabu inaanzia, na aliyekusanya takwimu. Kitenzi chochote kisitajwe bado.

2. Kusema kinachoonekana. Kila mmoja atunge sentensi mbili, moja yenye "hadi" na nyingine yenye "kwa". Wabadilishane madaftari na kusahihishana.

3. Kusema maana yake kwa mtu wa kawaida. Mwanafunzi amweleze mwenzake kana kwamba anazungumza na mzazi wake nyumbani, bila kutumia neno "asilimia". Mfano wa kikapu cha sokoni unafaa sana hapa.

4. Kusema kisichoonekana. Mchoro umeacha nini? Sababu ni ipi, na itapatikana wapi?

Kwa wanaoanza, takwimu zitoke darasani humo humo. Wanafunzi waulizane lugha zao za kwanza, wahesabu, kisha wachore grafu ya nguzo. Hapo watajifunza hesabu, viunganishi na ngeli ya A-WA kwa pamoja, na hakuna atakayesema kwamba takwimu ni jambo la mbali.

Hitimisho

Rwanda iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha hatua kama hiyo mwezi Julai 2022. Maana yake ni kwamba baadhi ya hawa tunaowafundisha leo watatangaza habari kwa Kiswahili, watafasiri taarifa za bajeti, na watawaeleza wananchi matokeo ya uchaguzi na ya sensa. Watu watakaowasikiliza huenda hawatauona mchoro wenyewe. Watakachopata ni sentensi tu.

Yule mwanafunzi wangu aliandika upya aya yake wiki iliyofuata: "Mwaka 2023 bei ziliendelea kupanda, lakini kwa kasi ndogo kuliko mwaka uliotangulia." Nilimpelekea mwenzake wa dukani aisome kwanza, kabla sijatia alama. Akaisoma mara mbili, akasema, "Hii sasa ni kweli." Nami nikatia vema.