Vigae vya sakafu: soma boksi kabla ya kutazama mng'aro

Nilipofika Sydney nikiwa mtu aliyeikimbia nchi yake, miaka yangu ya uhariri haikunisaidia kitu katika kutafuta riziki. Kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kudeki usiku katika jengo moja la ofisi katikati ya jiji. Hapo ndipo nilipoanza kuvifahamu vigae, kwa maana hakuna anayeijua sakafu kama yule anayeipigia deki kila siku.

Ukumbi wa kuingilia wa jengo lile ulitandazwa vigae vyeupe vyenye mng'aro wa kioo. Mchana wa jua vilipendeza. Asubuhi moja ya mvua, mwenzangu, mama wa makamo kutoka Bukavu, aliteleza hatua tatu kutoka mlangoni akavunjika mkono, na hakuweza kurudi kazini kwa miezi kadhaa. Baadaye niliona maboksi ya akiba ya vigae vile yamehifadhiwa ghalani. Ubavuni mwa kila boksi palikuwa na alama ndogo iliyoeleza kwamba vigae vile havikufaa mahali penye maji. Aliyevichagua hakuisoma, au aliisoma asiijali.

Nimeikumbuka siku ile kila ninapoona Waafrika Mashariki wanaoishi ughaibuni wakituma fedha nyumbani kumalizia nyumba za wazazi wao. Picha ya kigae hufika kwa simu, kiking'aa kama kioo. Mwana hujibu kwamba kinapendeza, na fedha hutumwa. Miezi michache baadaye mama mwenye umri wa miaka sabini anatoka bafuni na miguu imelowa.

Kauri ni nini?

Kauri si kitu kigeni kwetu. Karne nyingi zilizopita Waswahili walipachika mabakuli ya kauri ya China katika nguzo za makaburi yao, na alama zake zingalipo Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, na Mambrui, kaskazini mwa Malindi. Kigae cha sakafu cha kauri ni ndugu wa mabakuli hayo. Hutengenezwa kwa udongo mweupe laini uliochanganywa na mchanga na madini mengine, ukashindiliwa kwa nguvu kubwa na kuchomwa katika joto la nyuzi zipatazo 1,200 za Selsiasi.

Kinachokitenga na kigae cha kawaida cha udongo ni unywaji wake wa maji. Kwa vipimo vya kimataifa, kigae hakistahili kuitwa kauri iwapo kinanyonya maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Dukani unaweza kufanya jaribio dogo: kigeuze kigae, udondoshee tone la maji mgongoni mwake. Likizama upesi, hicho si kauri, hata muuzaji aape vipi. Tatizo la majina halisaidii. Tanzania wengi huviita vigae vyote marumaru, ingawa marumaru halisi ni jiwe la kuchongwa. Mafundi husema tailizi, na neno hilo nalo hubeba kila kitu.

Juu ya mwili huo wa kauri hupakwa utando wa kioo ulioyeyushwa, ambao mafundi huuita glezi. Rangi, michirizi ya mbao ya kuiga na mawingu ya jiwe, vyote viko katika tabaka hilo jembamba. Glezi ikilika, picha imekwenda, na kinachobaki ni mwili wa kigae wenye rangi nyingine.

Katikati ya Sydney tofauti hii huonekana kwa macho. Jengo la Queen Victoria, lililofunguliwa mwaka 1898 na kufunguliwa tena mwaka 1986 baada ya ukarabati mkubwa, lina sakafu ya vigae vidogo vya mapambo. Vigae vya mtindo huo kwa desturi havina glezi: rangi imo ndani ya udongo wenyewe, hivyo nyayo za umati hupunguza unene lakini hazifuti pambo.

Tembea kidogo kuelekea bandarini ulikute jumba la michezo ya sanaa, Opera House, lililofunguliwa mwaka 1973. Mapaa yake yanayofanana na matanga yamevikwa vigae 1,056,006 vilivyotengenezwa na kampuni ya Höganäs ya Sweden, vingine vyeupe vya kung'aa na vingine vya rangi ya maziwa visivyong'aa. Msanifu wake, Jørgen Utzon, angeweza kuchagua mng'aro bila hofu. Hakuna anayetembea juu ya paa lile isipokuwa wakaguzi wenye kamba.

Namba za ubavuni

Ubavu wa boksi ndio cheti cha kigae. Namba ya kwanza ya kutafuta ni ya uimara wa glezi dhidi ya msuguano, inayoandikwa PEI na kufuatiwa na tarakimu kuanzia 0 hadi 5. Namba 1 na 2 ni za ukutani au chumba kinachokanyagwa kwa nadra. Kwa vyumba vya nyumba 3 inatosha, lakini sebule inayofunguka moja kwa moja kwenye ua wa mchanga, kama zilivyo nyumba zetu nyingi, inahitaji 4. Mchanga unaoingia na viatu ni msasa.

Namba ya pili, na kwangu mimi ndiyo ya kwanza, ni ya utelezi. Vigae vya Ulaya huandikwa R9 hadi R13, na kadiri namba inavyopanda ndivyo kigae kinavyoshika unyayo. Australia hutumia pia herufi P, kutoka P0 hadi P5, kipimo kinachopatikana kwa kipande cha mpira kinachobembezwa juu ya kigae kilicholoweshwa. Kigae cha P0 hukaa chumba kikavu tu. Kwa bafu la nyumbani mimi nisingekubali chini ya P3 au R10, na kwa baraza inayonyeshewa P4 au R11. Vigae vinavyoshika hivyo ni vigumu kidogo kusafisha, nakiri. Mgongo wangu unakumbuka. Lakini brashi ni nafuu kuliko plasta ya hospitali.

Boksi huonyesha pia namba ya rangi na namba ya ukubwa halisi. Vigae vya jina moja vilivyochomwa siku tofauti hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo haionekani mpaka vimelazwa kando kwa kando. Hakikisha maboksi yote yana namba zilezile, na ununue asilimia 10 zaidi ya eneo lililopimwa kwa ajili ya vipande vitakavyokatwa, au 15 iwapo vitalazwa kimshazari.

Kwa hiyo anayejenga kutoka mbali amwombe ndugu yake picha ya ubavu wa boksi. Ile ya uso wa kigae inaweza kufuata baadaye.

Kulaza vigae

Makosa mengi ya mafundi wetu yanatokana na ustadi wa zamani. Kigae cha udongo hunywa maji, ndiyo maana fundi alikiloweka kwenye ndoo kabla ya kukilaza, kisije kikafyonza maji ya udongo wa saruji. Kauri hainywi. Kuiloweka ni kuiongezea utelezi mgongoni, na saruji ya kawaida, ambayo hushika kwa kupenya katika vitundu vidogo, haina pa kupenya. Kauri huhitaji gundi maalumu ya vigae, yaani saruji iliyochanganywa na plastiki kiwandani. Ni ghali zaidi, na ndicho kitu cha kwanza kukatwa bajeti inapobana.

Kabla ya gundi, sakafu ya zege iwe imekauka, kwa kawaida wiki 4 tangu kumwagwa, iwe safi na tambarare. Weka ubao ulionyooka wa mita 2: ukiona mwanya wa zaidi ya milimita 3 chini yake, sawazisha kwanza. Kigae kikubwa hakipindi kufuata bonde.

Bafuni kuna hatua ambayo haionekani kazi ikiisha, nayo ni utando wa kuzuia maji. Watu wengi huamini kwamba kigae ndicho kinachozuia maji. Maji hupita kwenye viungo, na bila utando huo hushuka hadi darini kwa jirani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 katika jimbo la New South Wales, ambalo Sydney ni mji wake mkuu, ulibaini kwamba udhaifu wa kinga ya maji ndio ulikuwa kasoro kubwa iliyoonekana zaidi katika majengo mapya ya ghorofa. Sakafu ya bafu iteremke pia kuelekea tundu la maji, angalau sentimita 1 kwa kila sentimita 80.

Wasomaji wanaomiliki vyumba katika ghorofa za Sydney wakumbuke kwamba sheria ya jimbo ya mwaka 2015 inawataka wapate idhini ya umoja wa wamiliki kabla ya kubadili sakafu, na kazi inayogusa kinga ya maji ina masharti makali zaidi.

Baada ya hapo, fundi afute mgongo wa kigae, maana mara nyingi hubaki na unga mweupe wa tanuri unaozuia gundi kushika. Gundi ipakwe kwa mwiko wenye meno, mistari yake ikielekea upande mmoja, kisha kigae kikandamizwe na kusukumwa kidogo kukatisha mistari ili hewa itoke. Vigae vikubwa vipakwe na mgongoni pia. Akishalaza viwili vitatu, ang'oe kimoja atazame: gundi iwe imefunika asilimia 80 ya mgongo kwa uchache, na mahali pa maji karibu wote. Mtindo wa kuweka mafungu matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati, huacha mapango. Siku mguu wa kitanda utakapokaa juu ya pango, kigae kitapasuka.

Viungo vya milimita 3 viachwe kati ya kigae na kigae, hata kama mwenye nyumba anapenda visionekane. Ukingoni mwa chumba uachwe mwanya wa milimita 6 hadi 10, utakaofichwa na ukanda wa chini ya ukuta. Nyumba hutanuka na kusinyaa kwa joto, na vigae vilivyobanwa ukuta kwa ukuta huinuka katikati ya chumba kama hema. Barazani penye jua kali, kiungo laini cha mpira huhitajika kila baada ya mita 3 au 4.

Vumbi

Kuna jambo ambalo katika mitaa ya mafundi wetu hulioni likizungumzwa. Kijana huchuchumaa na grainda kando ya barabara, bila maji, akikata kigae ndani ya wingu jeupe, shati limefungwa puani.

Wingu hilo lina silika, madini ya mchanga, katika chembe ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na humweka mgonjwa katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu. Madaktari wamelikuta tatizo hilo kwa wachimbaji wa tanzanite huko Mirerani.

Tarehe 1 Julai 2024 Australia ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku mawe bandia ya kaunta za jikoni, ambayo baadhi yalikuwa na silika zaidi ya asilimia 90, baada ya wakataji wengi, vijana miongoni mwao, kuugua. Vigae vya kauri havikuguswa na marufuku hiyo. Hata hivyo navyo vina silika, kati ya asilimia 5 na 45 kwa mujibu wa mamlaka ya usalama kazini ya nchi hiyo, na tangu Septemba mwaka huohuo kanuni mpya zinakataza kuvikata kazini bila kudhibiti vumbi.

Kinga yake si ya gharama kubwa. Mashine ya mkono inayokwaruza kigae na kukivunja kwa mstari haitoi vumbi la kutisha, nayo inatosha kwa mikato mingi iliyonyooka. Penye kona na matundu, mkato uwe wa maji, na fundi avae barakoa ya kuchuja vumbi inayoshika uso vizuri. Kitambaa hakizuii chembe hizo. Anayelipa kazi, hata akiwa Sydney au Muscat, ana haki ya kuuliza vigae vitakatwaje. Ningeongeza kwamba ana wajibu, kwa kuwa kijana yule yuko katika wingu kwa fedha yake.

Kugonga

Gundi ikikaa saa 24, viungo hujazwa. Kabla ya hapo kuna ukaguzi mmoja usiohitaji chombo cha gharama. Wakaguzi wa Opera House huning'inia kwa kamba na kugonga vigae vya mapaa, wakisikiliza sauti. Kilichoshika hutoa mlio mzito, mfupi. Kilichoachia hutoa mlio wa mtungi mtupu.

Ndugu yako anaweza kufanya hivyo sebuleni kwa kifundo cha kidole au sarafu, kigae kwa kigae, pembe zote nne na katikati. Mwombe akupigie simu akiwa anagonga. Penye mlio mtupu atie alama ya chaki, na fundi avibadili vigae hivyo kabla hajalipwa sehemu ya mwisho ya ujira wake. Boksi moja zima lihifadhiwe darini na maandishi yake ya ubavuni, kwa kuwa kiwanda hakitachoma tena rangi ileile.