Mganga wa Maskini wa London
Nicholas Culpeper alizaliwa Uingereza mwaka 1616. Siku zile kitabu kikuu cha dawa cha Chuo cha Madaktari wa London kiliandikwa kwa Kilatini, lugha ya wasomi wachache. Basi maskini asiyeweza kumlipa daktari hakuwa na njia ya kujitibu kwa elimu hiyo. Mwaka 1649 Culpeper alikifasiri kwa Kiingereza, nao madaktari wakamkasirikia mno. Mwaka 1652 akatoa kitabu chake cha mitishamba kwa peni tatu, akieleza mimea iotayo karibu na watu. Imani yake kwamba nyota hutawala mimea imekataliwa na sayansi. Alifariki mwaka 1654, akiwa na miaka 37, lakini mlango alioufungua haukufungwa tena.