Ndama wa Januari

Wafugaji wa huku, kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, wakinisimamisha njiani mara nyingi lawama ni ya dume. "Bwana mifugo, dume langu limechoka. Ng'ombe ana ndama wa miezi minane na hajashika mimba." Naenda, nalikuta dume zima, linang'aa. Basi naomba nioneshwe ng'ombe mwenyewe. Mbavu zake nazihesabu kwa macho, na kando ya shina la mkia kuna shimo linalotosha yai la kuku. Huyo hata ukimletea dume kumi, kazi bure.

Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 285. Ukitaka ndama kila mwaka, zinabaki siku 80, na mfuko wa uzazi peke yake hudai zaidi ya mwezi kurudi katika hali yake. Halafu mwili una mpangilio wake: chakula hulinda kwanza uhai wa mama, kisha maziwa ya ndama, na masalio ndiyo huamsha uzazi. Yasipokuwepo, ubongo huzuia homoni za kukomaza yai, na ng'ombe haingii kwenye joto la kutaka dume. Kwa zebu, ng'ombe wetu wa asili, joto lenyewe ni la saa chache, mara nyingi usiku. Wewe umelala, limeshapita.

Mbegu nayo ina neno lake. Zebu wetu ni mdogo, anahitaji chakula kidogo, ndiyo maana kiangazi hakimuui. Boran ni mkubwa zaidi na bado ana sifa ya kuzaa vizuri. Ng'ombe wa Mpwapwa alitengenezwa kwa damu ya Sahiwal na Red Sindhi ikachanganywa na ya zebu wa hapa nchini, akikusudiwa nchi kavu. Lakini chotara wa Ulaya mwenye mwili mkubwa na maziwa mengi, ukimlisha mabua matupu, ndiye wa kwanza kukaa mwaka mzima bila kupandwa. Mimi simshauri mtu alete damu kubwa kabla hajajenga ghala la malisho.

Zebu ana udhaifu mmoja: ndama akinyonya mchana kutwa, kunyonya kwenyewe huchelewesha joto. Ndama akishatimiza mwezi na zaidi na kuanza kutafuna, mtenge, umlete kwa mama asubuhi na jioni. Haigharimu kitu ila kelele za siku mbili tatu.

Huku milimani Umatengo majani mengi hufukiwa kwenye ngoro, yale mashimo ya shambani, na sina ugomvi na ngoro, ndizo zinazoshika udongo. Ila maharage yakishapurwa, makapi yake huachwa yaoze au huchomwa, huku mabua ya mahindi yakiliwa na mchwa. Yakusanye juu ya kichanja. Mabua pekee hayana protini ya kutosha kusaidia tumbo kuyasaga. Makapi ya maharage au kopo la mashudu ya alizeti hubadilisha hesabu.

Sasa mwezi wa kuzaa. Mvua zetu huanza Novemba mwishoni au Desemba, hukatika Aprili au Mei. Ng'ombe anayezaa Agosti amebeba miezi ya mwisho ya mimba kiangazini, wakati ndama tumboni anakua haraka na kulibana tumbo la chakula, kisha ananyonyesha nyasi zikiwa kavu. Anayezaa Januari mwishoni amekula majani mabichi kabla ya kuzaa, anaendelea kuyala Februari na Machi, na akipandwa katikati ya Aprili atazaa tena Januari mwishoni.

Ili mwezi huo upatikane, dume lazima lifungwe hadi wakati wake. Lakini mwambao wa Ziwa Nyasa, Liuli kwa mfano, ng'ombe wa kaya mbalimbali huchungwa pamoja. Dume la mmoja ni la wote, na hapo mpango wa mtu mmoja haufiki popote. Kitongoji kinapaswa kukubaliana lini madume yafungwe, na nani atayakatia majani yakiwa yamefungwa. Hilo la pili ndilo huvunja vikao.