Kiongozi Ajipendaye na Kasuku Wake

Mnamo Septemba 1984, Rais Daniel arap Moi aliwataka mawaziri na raia waimbe kama kasuku, kama yeye alivyomwimbia Mzee Kenyatta. Wengi waliitikia. Nchini Uganda, Idi Amin alikuwa amejivisha nishani na vyeo hadi alipotimuliwa mwaka 1979.

Wataalamu wa saikolojia hueleza kwamba kiongozi ajipendaye kupita kiasi ana njaa ya sifa isiyokwisha. Naye mfuasi aliyedharauliwa na maisha huuazima ukuu wa kiongozi huyo. Akikosolewa kiongozi, hujiona ametukanwa yeye. Hapo ndipo mawe hurushwa.

Hata hivyo, naamini lawama si ya kiongozi pekee. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Yanistaajabisha kwamba mama anunuaye omena sokoni Kibuye, hapa Kisumu, huinusa, huichambua kutafuta mchanga, kisha hupigania bei. Lakini akifika mkutanoni hupokea ahadi bila swali. Wasomaji wapenzi, uchaguzi wa mwaka 2027 waja. Macho tuyatumiayo Kibuye na tuende nayo mkutanoni, kwani kiongozi mbovu harudishwi dukani kesho yake.